Chai Iliyochemka Kutwa

Wewe uliyechukua nafasi yangu kwenye kantini ya kiwanda cha mbao, na ninyi wengine mnaowapikia watu wengi chai maofisini, mashuleni na mashambani, nisikilizeni kidogo huku mkiendelea kumenya viazi. Sitawachelewesha. Ninayotaka kuwaambia yanahusu majani ya chai, moto, na fundi mmoja ambaye nilikaribia kumharibu kwa kumtendea wema.

Nimestaafu mwaka huu. Kazi yangu yote niliifanyia Elburgon, na sasa naishi Bondeni, hapa Nakuru mjini, katika chumba kimoja chenye jiko la gesi na dirisha linalotazama kamba za nguo za majirani. Vyeo sitavitaja, kwa sababu jikoni kuna cheo kimoja tu, nacho ni kushika mwiko. Nitawaeleza nilichojifunza, ili wewe usije ukajifunza kwa njia niliyojifunzia mimi.

Siku yangu ya kwanza kulikuwa na ukungu mzito hata sikuona lango la kiwanda mpaka nilipoligonga kwa goti. Jikoni nilimkuta Mama Salome, mpishi aliyenitangulia, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mvua la wanaume na viatu vya mpira. Hakuniuliza kama najua kupika. Aliniuliza, "Jina?"

"Nyambura."

"Nyambura, unajua kuwasha vumbi?"

Sikujua. Kwetu tulipikia kuni. Lakini kiwanda cha mbao hakikosi vumbi la mbao, na tajiri hawezi kukununulia makaa huku mlima wa vumbi umesimama nyuma ya choo. Basi Mama Salome akanifundisha. Unachukua mkebe mkubwa wa rangi uliotobolewa tundu ubavuni, karibu na chini. Unapitisha kijiti kwenye hilo tundu mpaka kifike katikati, halafu unasimamisha chupa tupu juu ya ncha yake. Unajaza vumbi kavu kuzunguka chupa na kulishindilia kwa ngumi mpaka liwe gumu kama ugali wa jana. Kisha unaichomoa chupa polepole ukiizungusha, unachomoa na kijiti, na hapo unabaki na njia ya moto. Ukiliwasha asubuhi, linawaka lenyewe hadi jioni.

Uzuri wa jiko hilo ndio huo huo ubaya wake. Halipunguzwi moto. Huwezi kuliambia sasa tulia. Sufuria la chai likipanda juu yake kabla ya saa moja asubuhi, litachemka saa nne, litachemka saa saba, na saa kumi jioni bado linatokota. Na kwa desturi ya Mama Salome, majani hayakumwagwa. Chai ikipungua uliongeza maji, ukaongeza maziwa kama yapo, ukatupia konzi nyingine ya majani juu ya yale ya asubuhi.

"Chai ya mtu wa gogo," aliniambia, "lazima isimame yenyewe hata ukiondoa kikombe."

Nilicheka, lakini niliifuata kanuni hiyo miaka mingi. Na watu waliisifu. Madereva wa malori walikuwa wakipunguza mwendo langoni kwa ajili yake. Ile ya saa kumi ndiyo iliyokuwa na sifa kuliko zote: nyekundu iliyokaribia weusi, chungu mpaka uifunike kwa sukari. Tuliiita ya chini. Magi zetu zilikuwa za bati, na magi moja ilimeza vikombe viwili vya nyumbani. Hayo yote yashikilieni, kwa sababu ndiyo yaliyonigeuka baadaye.

Mama Salome alipougua miguu na kurudi kwao Molo, aliniachia vitu viwili: kichungi cha kitambaa alichokishona mwenyewe, na kisanduku cha huduma ya kwanza. Labda utajiuliza kwa nini kisanduku cha dawa kitundikwe jikoni. Ni kwa sababu jikoni ndiko kuliko na maji safi, na ndiko watu wanakokimbilia wakiumia. Kwa hiyo mimi mpishi ndiye niliyekuwa nikitoa vibanzi vya mbao viganjani, kuosha macho yaliyoingia vumbi na kufunga vidole. Mtu akiumia zaidi ya hapo, nilivua aproni nikamsindikiza dispensari. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi unajua mikono ya watu kabla ya kujua sura zao.

Mikono niliyoifahamu kuliko yote ilikuwa ya Wafula.

Wafula alikuwa fundi wa msumeno mkubwa, yule anayesimama mbele na kuliingiza gogo. Kazi hiyo haipewi mtu hivi hivi. Aliweza kutazama gogo la saipras na kukuambia litatoa mbao ngapi na ipi itapinda. Kwao ni upande wa Bungoma. Mke wake alifariki huko akiwa anajiandaa kuja kumtembelea, na watoto wake, Nekesa na wadogo zake, walikuwa watu wazima, kila mmoja na mji wake. Alikuwa amepanga chumba cha mbao nyuma ya soko la Elburgon. Mimi pia nilikuwa peke yangu. Mume wangu aliondoka zamani bila kufa wala kufukuzwa, na nilikuwa nimekwisha kuacha kueleza.

Kila jioni king'ora kikilia wengine walikimbilia langoni. Wafula alikuja dirishani kwangu na chupa yake ya chai, themosi ya kijani yenye kibonyeo ubavuni, akaniita mathe, yaani mama, kama wote walivyoniita.

"Mathe, nijazie huyu rafiki yangu. Ndiye mtu pekee anayenisubiri nyumbani."

"Rafiki yako hana adabu. Juzi alinimwagikia."

"Alikuwa amekuzoea."

Namjazia ya chini. Anaegemea dirisha. Namuuliza leo amekata nini. "Paini yenye mafundo kama uso wa shemeji yangu," anasema. Ananiuliza nani amekula sahani mbili. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Kisha anaweka chupa kwapani na kwenda zake, nami naosha masufuria. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini siku yangu nzima ilikuwa inatembea kuelekea dakika hizo. Jumapili kiwanda kilipofungwa sikuzungumza na mtu baada ya kanisa.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu nikaanza kumwona amechoka. Macho mekundu, kope nzito, anapiga miayo mbele ya msumeno unaolia.

"Silali, mathe," aliniambia. "Nalala chali nikihesabu mabati. Nimeyahesabu mpaka yananijua."

Nilimhurumia. Na mpishi akimhurumia mtu hufanya nini? Nilimwekea konzi yake mwenyewe ya majani ndani ya magi ya saa nne. Saa kumi nikamwongezea magi ya pili. Chupa ya jioni nikaijaza kutoka chini kabisa ya sufuria, mahali ambapo kijiko kinapita kwa shida. Kila alivyozidi kuchoka ndivyo nilivyozidi kumkolezea. Nilijiona jinsi Mama Salome angeniona: mwanamke anayejua kumtunza mtu.

Mikono yake ikaanza kutetemeka. Mbao zikaanza kutoka zisizolingana, huku nene, huku nyembamba kama kaki. Wanunuzi wakarudisha. Msimamizi wetu, Karanja, mtu asiyependa kelele, alizipanga mbao mbovu kando ya ofisi yake, na kila mtu alijua ni za nani.

Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana msumeno ukanyamaza ghafla. Kiwandani unazoea kelele hata ukimya ndio unaokushtua. Nilitoka mbio na kisanduku. Wafula alikuwa amesimama ameunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yake kama mtu anayeonyesha pete. Msumeno ulikuwa umechukua ncha ya glavu kwenye kidole cha kati. Nikaivua ile glavu. Kidole kilikuwepo chote. Ukucha tu ulikuwa umekwaruzwa.

"Nilisinzia," alisema kwa sauti ndogo. "Mathe, nilisinzia nimesimama."

Karanja alikuja, akatazama kidole, akatazama ile mikono miwili ikitetemeka. "Mzee, nakuheshimu," alimwambia. "Nakupa wiki tatu. Kwa sasa utakuwa unapanga mbao uwanjani. Baada ya hapo tutaangalia mkono. Ukiwa bado hivyo, mimi sikurudishi kwa huo msumeno. Sitaki kumpigia mtoto wako simu."

Kupanga mbao ni kazi ya vijana wenye mgongo. Wafula alikuwa amepita miaka hamsini. Sote tulielewa kwamba wiki tatu zikiisha vibaya, atafunga mzigo arudi Bungoma, akiwa fundi aliyekataliwa na msumeno wake.

Nilimsindikiza dispensari. Daktari siku hiyo alikuwa binti mmoja, Chepkoech, mwenye sweta la shule lililopakwa rangi upya na subira ya mtu mzima. Alimpima presha, akashika kifundo cha mkono wake akitazama saa ya ukutani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Akamuuliza kama ana jambo linalomsumbua, kama anavuta sigara, kama anakunywa pombe. Hapana, hapana, hapana.

"Kahawa?"

"Kahawa sijawahi, daktari. Mimi si mtu wa mahoteli makubwa."

"Na chai?"

"Kama watu wote. Mara tatu kwa siku."

Daktari akaandika tatu. Nami niliketi kwenye benchi kando yake nikitazama viatu vyangu. Wafula hakudanganya. Huku kwetu hatuhesabu vikombe, tunahesabu nyakati: chai ya asubuhi, ya saa nne, ya saa kumi. Ndani ya wakati mmoja unaweza kunywa magi mbili, na bado ni mara moja. Na ile chupa ya jioni hakuihesabu kabisa. Kwake haikuwa chai. Ilikuwa mtu wa kuketi naye.

Nilijua hesabu yake kuliko yeye, na sikufungua mdomo. Ningesema, ingebidi niseme mbele ya mgeni kwamba kila jioni mimi humjazia chupa mwanamume asiye wangu, na kwamba nampa iliyo kali kuliko ya wengine. Niliona aibu. Aibu hiyo ingeweza kumgharimu mkono, nami bado niliichagua kwa saa kama ishirini hivi.

Kesho yake, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, nilikwenda dispensari peke yangu. Nilimwambia daktari kila kitu: jiko lisilopunguzwa moto, majani yasiyomwagwa, ukubwa wa magi, ya chini, ile chupa. Alinisikiliza bila kucheka mpaka nilipofika kwenye konzi ya ziada.

"Mama, unaiweka kila siku?"

"Kila siku. Ili apate nguvu."

"Hiyo si nguvu, mama. Hiyo ni mkopo wa usingizi." Akasogeza kiti. "Ngoja nikueleze."

Nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu sijapata kusikia aliyeeleza vizuri zaidi. Ndani ya majani ya chai kuna kitu kinaitwa kafeini. Kimo pia kwenye kahawa, kwenye soda nyeusi, na kwa wingi kwenye vile vinywaji vya mikebe ambavyo vijana wa boda boda wanavipenda. Mwili ukichoka, hutuma ujumbe kichwani: sasa tulale. Kafeini huketi kwenye mlango ambao ujumbe huo ungeingilia. Uchovu haujaondoka, umezuiwa tu nje, unasubiri. Ndiyo maana mtu anachangamka, na ndiyo maana baadaye huanguka kama gunia.

Halafu akaniambia jambo lililonifanya nikae wima. Kitu hiki hakitoki mwilini upesi. Kwa watu wengi, baada ya saa tano au sita, karibu nusu yake bado imo. Fikiria basi. Ya saa kumi ikikolea, saa tatu au saa nne usiku bado inafanya kazi. Na mtu aliyeongeza chupa nzima jioni, je? Hata akisinzia, usingizi wake unakuwa mwepesi, haumfikishi mahali mwili unapojitengeneza. Anaamka amechoka. Akichoka anatafuta chai. Kuna watu ambao miili yao huiondoa polepole zaidi, na umri unaweza kuongeza shida, kwa hiyo usimpime mtu kwa jirani yake anayekunywa birika zima na kukoroma.

"Na maziwa hayaipunguzi makali?" nilimuuliza.

"Maziwa hubadilisha rangi tu. Kinachoamua ni majani mangapi umeweka, umeyachemsha muda gani, na mtu amekunywa kiasi gani."

Akanitajia mengine: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, wasiwasi usio na sababu, tumbo kuchoma, kwenda haja ndogo kila mara. Wajawazito wapunguze. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake. Na kwa wale wenye upungufu wa damu, chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mboga. Hapo nikakumbuka sukuma wiki zote nilizozisindikiza kwa chai kali saa saba mchana, chai ambayo nayo hakuna aliyeihesabu. Nilikuwa nikitoa kwa mkono huu na kunyang'anya kwa ule.

"Sasa nimkatize?" nikasema.

"Usimkatize mara moja. Kichwa kitamuuma mpaka akulaani. Punguza kidogo kidogo, siku baada ya siku. Kwanza ondoa ya jioni, kisha ile ya saa kumi. Na mama," aliongeza nikiwa mlangoni, "mwambie."

Sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na msidhani ni dogo. Nilidhani nitamponya kimyakimya, aamke siku moja mzima na tuendelee na dakika zetu kumi. Nilimwaga majani ya asubuhi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, nikapika upya saa nne, nikapunguza. Wafula alionja magi yake uwanjani, akaja nayo mpaka dirishani, watu wote wakimtazama.

"Mathe, leo umepika chai ama umesuuza sufuria?"

Wakaangua kicheko. "Mathe amezeeka bana!" mmoja akapiga kelele. "Majani yameisha Kericho?" mwingine akadakia.

Jioni nilimjazia chupa maji moto yenye tangawizi na maziwa. Aliifungua pale pale, akanusa, akanitazama. Ndipo nikamwambia. Kwamba nilikwenda kwa daktari. Kwamba nilimhesabia magi zake. Kwamba mikono yake ni chai, na chai ni mimi.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Ulikwenda kunisema," alisema. "Ulinihesabu." Akamwaga ile tangawizi kwenye mtaro, akaifunga chupa yake, akaondoka. Kesho yake alikunywa chai kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya barabara. Na jioni dirisha langu lilikuwa dirisha tu.

Siku ya tatu nilivua aproni nikaenda uwanjani. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la mbao, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinaniuma tangu juzi," alisema bila kuniangalia. "Ya hoteli ni maji tu. Inaniumiza kichwa."

"Si hoteli. Ni ile ya kwangu inayokutoka. Ulikuwa umeizoea. Daktari alisema kichwa kitauma siku kadhaa, halafu kitaacha."

"Siku ngapi?"

"Si nyingi. Lakini usiikate kwa hasira, Baba Nekesa. Ikate kwa hesabu. Kunywa magi moja asubuhi, yangu, niliyoipika vizuri. Nusu saa nne. Baada ya chakula usiguse kitu. Ukipata usingizi kwa siku kumi na mkono bado ukitetemeka, nitakuja nawe dispensari na nitasema mimi mwenyewe, mbele yako."

Msumeno ulikuwa unalia, na aliyekuwa ameushika hakuujua vizuri. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka. Wafula alikuwa anaisikiliza kama mzazi anayemsikiliza mtoto wake akifundishwa na mtu mwingine.

"Asubuhi moja," alisema mwishowe. "Na isiwe ya kusuuza."

Tulifanya hivyo. Kwa wiki ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa paka wa kiwanda. Wiki ya pili aliniambia, akipita, kwamba alikuwa amelala mpaka jogoo. Alilisema kana kwamba ni siri ya aibu. Wiki ya tatu macho yake yalikuwa meupe. Karanja alimwita mbele ya watu, akamwambia anyooshe mikono. Akaweka juu ya kiganja chake kipande chembamba cha mbao kilichosimama wima. Sote tukakitazama. Kilisimama. Karanja akakiondoa, akasema, "Haya mzee, gogo linakungoja," akaingia ofisini.

Siku hiyo alikata saipras mpaka king'ora. Nilizipitia mbao zake kwa vidole vyangu jioni, na zilikuwa sawa kama zilizopimwa kwa pimamaji.

Nilisafisha dirisha, nikasubiri. Aliupita mlango wa jikoni na koti begani, akaniinulia mkono. "Nawahi kulala, mathe!" alipaza sauti, na kweli alikuwa anacheka. Kisha akatoka langoni pamoja na wengine.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Hakuwa amenikasirikia. Asubuhi alichukua magi yake moja, akanisalimu vizuri, akanitania. Lakini chupa ya kijani haikurudi. Mtu anayelala hahitaji kuichelewesha jioni. Nilikuwa nimemrudishia usingizi wake, na dakika zangu kumi zilikuwa zimetengenezwa kwa kukosa usingizi kwake. Alifanya kazi miaka mingine kadhaa, akaaga na vidole kumi, akarudi kwao. Alinipigia simu alipofika. Aliniambia mahindi yamestawi. Nilifurahi, na nilipokata simu nilikaa kando ya sufuria mpaka likapoa.

Ningeulizwa kama ningefanya tena, ningefanya tena, ila ningemwambia mapema. Hilo nawaambia bila kupepesa.

Baada ya hapo nilibadilisha jiko lote. Majani nikayamwaga kila baada ya kupika. Chai nikaipika mara mbili tu, asubuhi na saa nne, na ikiiva naihamishia kwenye mitungi ya kuhifadhi joto, isiendelee kutokota. Saa kumi nikaweka uji wa wimbi au maji ya tangawizi. Walinung'unika mwezi mmoja, wakaniita Daktari Nyambura, kisha wakasahau kwamba kulikuwa na kitu kingine. Usitegemee kushukuriwa. Uji ni mzuri, lakini haujawahi kutungiwa sifa na madereva wa malori.

Hapa Bondeni nimegundua jambo ambalo daktari hakunieleza, kwa kuwa alikuwa kijana. Jioni ikianza, mkono wangu huenda wenyewe kwenye kopo la majani. Si kiu. Ni kwamba sufuria likichemka chumba kinakuwa na sauti, na vikombe viwili vikitoka kabatini inaonekana kama kuna anayekuja. Siku za kwanza nilikunywa, na nilihesabu mabati yangu. Sasa nachemsha mchaichai, nakiacha kikombe cha pili kabatini, na usingizi huja. Upweke hauondoki kwa mchaichai, nisiwadanganye. Lakini asubuhi unaamka ukiwa na nguvu za kumbishia hodi jirani, na mtu ambaye hakulala hana nguvu hizo.

Kwa hiyo wewe uliyeko jikoni kwangu sasa, hutakosa mmoja anayechelewa kuondoka. Yuko katika kila kazi. Atakuja dirishani na chupa, atakuambia amechoka, na mkono wako utataka kumkolezea. Weka mwiko chini. Muulize amelala saa ngapi jana, na amekunywa magi ngapi, si mara ngapi. Kisha toka nje ya dirisha, uketi naye hizo dakika kumi bila kumimina chochote.